Kupima Uelewa wa Mtoto wa Chekechea Kuhusu Viumbe Hai

Elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Watoto wa PP1 na PP2, wengi wao wa miaka 4 na 5, hujifunza kuhusu mimea, wanyama na mwili wao katika somo la Shughuli za Mazingira.

Katika umri huu, mtaala wa umilisi unamtaka mwalimu amtazame mtoto akifanya kazi, amuulize maswali kwa mdomo na ahifadhi kazi zake. Hata hivyo, wapo wazazi ambao bado huulizia alama na nafasi darasani. Karatasi ya mtihani inaweza kuonyesha kwamba mtoto amekariri, lakini haionyeshi ameelewa nini. Mtoto anaweza kuimba "mizizi, shina, majani" bila kosa na bado aamini kwamba mti hauko hai.

Fikra hiyo ni ya kawaida. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza katika miaka ya 1920 kwamba watoto wadogo huona jua, upepo na mawingu kuwa hai kwa sababu vinasonga. Mmea haukimbii wala haulii, na kukua kwake ni polepole mno kuonekana kwa macho. Lugha nayo huchangia: watu husema betri "imekufa", lakini mmea uliokufa husemwa "umekauka", kama nguo iliyoanikwa.

Ndiyo maana swali la "Kwa nini?" ni muhimu kuliko jibu la kwanza. Mwalimu anaweza kuweka mbele ya mtoto jiwe, mche wa maharagwe na gari la kuchezea, kisha amwonyeshe kuku nje ya darasa. Kwa kila kimoja atauliza, "Hiki kiko hai?" na baadaye, "Umejuaje?" Anayesema kuku yuko hai "kwa sababu anatembea" amepata jibu, lakini kwa sababu hiyo hiyo atasema gari nalo liko hai. Anayesema "anakula, anakua, anataga mayai" yuko mbele zaidi.

Maswali yaulizwe kwa lugha anayoielewa mtoto, na kwa vitu vya mazingira yake. Mtoto wa ufuoni aonyeshwe samaki. Wa jamii ya wafugaji aonyeshwe mbuzi. Mtoto mwenye haya apewe nafasi ya kuonyesha kwa kidole au kuchora. Bila hivyo, mwalimu atakuwa anapima lugha au ujasiri, na mtoto mwerevu ataonekana mzito.

Mwalimu aandike maneno ya mtoto yalivyo, pamoja na tarehe, bila kumcheka wala kumsahihisha papo hapo. Kisha darasa lipande maharagwe katika mikebe miwili, mmoja umwagiliwe maji na mwingine uachwe mkavu. Baada ya wiki mbili hivi, maswali yale yale yarudiwe. Tofauti kati ya majibu ya kwanza na ya pili ndiyo humsaidia mwalimu kuamua kama mtoto yuko chini ya matarajio, anayakaribia, ameyafikia au ameyazidi.

Pengo hili lisipogunduliwa mapema, mtoto hulibeba hadi shule ya msingi. Huko atafunzwa jinsi mimea inavyojitengenezea chakula, na atakariri tu ikiwa moyoni bado anaona mmea ni kitu kama jiwe.

Mzazi anapopokea ripoti ya mtoto, badala ya kuuliza amekuwa nambari ngapi, amuulize mwalimu mtoto alisema nini na alitoa sababu gani. Nyumbani pia, anapomwagilia sukuma wiki au kulisha kuku, anaweza kumuuliza mtoto kwa nini vyote viwili vinahitaji maji.