Kwa Nini Alama Hugeuka: Hesabu za Kutolingana Juu ya Mstari wa Namba

Mlinganyo kama 2x + 1 = 9 una jibu moja, nalo huonyeshwa kwa nukta moja tu juu ya mstari wa namba; lakini alama ya sawasawa ikiondolewa na mahali pake ikawekwa < (ndogo kuliko) au > (kubwa kuliko), usemi unaopatikana huitwa kutolingana, na majibu yake huwa mengi yasiyohesabika, kiasi kwamba mchoro huyaeleza vizuri zaidi kuliko orodha yoyote. Alama hizo mbili zilionekana katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake.

Tuseme tangi la shule lina lita 5,000 za maji, matumizi ya kila siku ni lita 350, na akiba isipungue lita 1,500. Ikiwa d ni idadi ya siku, basi 5,000 − 350d ≥ 1,500, ambapo ≥ maana yake ni "kubwa kuliko au sawa na". Kila upande ukipunguzwa 5,000 hubaki −350d ≥ −3,500, na pande zote zikigawanywa kwa −350 hupatikana d ≤ 10.

Katika hatua hiyo ya mwisho alama imegeuka, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi huikariri kanuni hii bila kuonyeshwa chanzo chake, ilhali chanzo kiko wazi juu ya mstari wenyewe. Namba 2 iko kushoto kwa 5, lakini zote zikizidishwa kwa −1, namba −2 huwa kulia kwa −5, kwa sababu kuzidisha huko hupindua mstari mzima kwenye sifuri, kama kioo kinavyobadilisha kushoto na kulia. Mwenye shaka anaweza kuikwepa kanuni kabisa: aongeze 350d kila upande, apate 5,000 ≥ 1,500 + 350d, kisha 3,500 ≥ 350d, na mwishowe 10 ≥ d, ambalo ni jibu lilelile.

Katika kuchora, duara dogo lililojazwa huwekwa kwenye 10, kwa kuwa siku ya 10 hubakiza lita 1,500 kamili, na mshale huelekezwa kushoto; kama sharti lingetaka akiba izidi lita 1,500, duara lingeachwa wazi. Hata hivyo, mshale huo ungeendelea hadi kwenye namba hasi, na hakuna siku hasi za kuteka maji, hivyo mchoro sahihi ni kipande cha mstari kinachoanzia 0 na kuishia 10. Na ikiwa maji hupimwa mara moja tu kila jioni, d huwa namba nzima, na kipande hicho nacho huachia nafasi nukta 11 zilizotengana.