Wasiwasi wa Udhu na Siri ya Ubongo

Katika misikiti yetu ya mwambao ni nadra kumkosa mtu ambaye adhana humkuta birikani, na sala ikakimiwa naye yu papo hapo. Ameshatia udhu mara tano, vidole vimefanya makunyanzi kwa maji, na moyo bado haujatulia. Akiingia safuni hufunga sala, akaivunja, akaifunga tena. Vijana humcheka. Wakubwa humwambia imani yake ndogo, au jamaa zake wakampeleka kupungwa.

Maneno hayo ni dhuluma. Huyo aghlabu huichunga sala kutushinda sisi. Wala maradhi yake si mageni kwa wanavyuoni: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, akautengea wasiwasi mlango wake. Alishauri mgonjwa asipende upweke, na ajizoeze kuyajibu mawazo yake kwa mawazo mengine.

Mwaka 1966 Victor Meyer, huko London, alieleza tiba iliyo karibu na hiyo. Mgonjwa hukutanishwa na kile anachokiogopa, kisha akazuiwa asioshe. Hofu hupanda, na baadaye hushuka yenyewe.

Lakini je, mazungumzo na mazoezi yaweza kufika ndani ya ubongo? Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha jibu. Wagonjwa 9 walipewa vidonge vya fluoksetini, wengine 9 wakafundishwa mazoezi bila ya vidonge. Walipigwa picha za ubongo kabla ya tiba na baada ya wiki kama 10, picha zionyeshazo ni wapi sukari inatumika kwa wingi. Kwa waliopata nafuu, sehemu iitwayo kaudeti, upande wa kulia, ilipunguza matumizi yake. Waliomeza vidonge na wasiomeza, wote sawa. Watu 18 ni wachache, na wataalamu bado wanachunguza. Hata hivyo ugomvi wa "hili la ubongo" na "hili la nafsi" ulipoteza nguvu hapo.

Sasa, ndugu msomaji, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, usimwambie kila mara, "Udhu wako umetimia." Kila ukimthibitishia, shaka hurudi kudai thibitisho jingine. Fiqhi ina kanuni kwamba yakini haiondoshwi na shaka, na shekhe anayemjua mgonjwa anaweza kumwekea mpaka: kila kiungo kioshwe mara tatu, basi. Daktari wa maradhi ya akili naye atampandisha ngazi kidogo kidogo, na akiona haja atamwandikia dawa. Siku za mwanzo mgonjwa atasali huku moyo ukimwenda mbio, na ni vyema jamaa zake wajue hivyo mapema, wasije wakamrudisha birikani kwa huruma.