TONE LA MVUA LINACHIMBA SHAMBA LAKO



Mvua za kwanza zikinyesha hapa Goweko, wote tunafurahi. Tunasikia matone yakipiga bati, tunatafuta majembe. Lakini je, umewahi kulitazama tone moja linapofika chini?

Dondosha tone la maji juu ya kioo. Utaona maji yameruka, basi. Jicho halikuona zaidi. Ukipiga picha kwa simu, mara nyingi utapata ukungu tu. Tone lina haraka.

Wataalamu walihangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Huko Uingereza, Bwana A. M. Worthington alidondosha matone gizani, kisha akawasha cheche ya umeme kwa kitambo kidogo sana. Alichokiona alikichora kwa mkono. Alichora maji yakiruka pande zote sawasawa, kama pambo. Miaka ya 1890 akafaulu kupiga picha. Kumbe! Picha zilionyesha kwamba maji hayaruki sawasawa. Jicho lilikuwa limemdanganya.

Mwaka 1957, Harold Edgerton wa Marekani alipiga picha ya tone la maziwa ambayo imejulikana sana. Maziwa yamesimama duara kama taji, na vitone vinaruka kutoka kwenye ncha zake.

Mtu atauliza: taji la maziwa linamsaidia nini mkulima wa Goweko?

Linamsaidia sana. Tone la mvua nalo hurusha maji hivyo hivyo shambani, lakini hapo maji huruka pamoja na udongo. Tone kubwa huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde moja, kama baiskeli inayoteremka mlima. Likipiga udongo mtupu, chembe za udongo zinaweza kuruka juu sentimita 60, yaani kupita goti. Kwenye mteremko, nyingi huangukia upande wa chini. Zile laini huziba vitundu vya udongo. Maji hayazami tena. Yanatiririka na kuchukua rutuba yako.

Sisi tulifanya jaribio katika shamba la darasa. Tulichukua vioo viwili vya fremu za picha. Kimoja tulikisimamisha kwenye udongo mtupu, kingine mahali tulipotandaza nyasi. Mvua ilipokwisha tukaenda kutazama. Kioo cha kwanza kilijaa madoa ya udongo kutoka chini hadi juu. Cha pili kilikuwa na maji tu, na madoa machache chini. Tulinyamaza kidogo. Kila mwaka sisi wenyewe tulikuwa tukichoma mabua ili shamba lionekane safi.

Katika miaka ya 1950, huko kusini katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, mtaalamu N. W. Hudson alianza jaribio kubwa zaidi. Alikuwa na vipande viwili vya ardhi visivyo na mmea. Juu ya kimoja alitandika wavu kama wa chandarua. Mvua ilipita, lakini nguvu ya matone ilivunjwa na wavu. Kipande kilichokuwa wazi kilipoteza udongo zaidi ya mara 100 kuliko kile chenye wavu. Mvua ni ile ile. Tofauti ni kifuniko.

Basi tufanye nini?

1. Tusichome mabua wala nyasi. Tuyatandaze kati ya matuta.
2. Wengine watasema, "Mabua yanaliwa na mchwa na ng'ombe." Ni kweli. Basi tupande kunde, karanga au maboga katikati ya mahindi. Majani mabichi nayo ni kifuniko.
3. Tupande mapema, ili mimea ifunike ardhi kabla ya mvua kubwa.
4. Tulime matuta yanayokinga mteremko, yasiyoteremka nao.

Udongo wetu hapa una mchanga mwingi, na rutuba yake iko juu juu. Ukiondoka huo wa juu, watoto wetu watalima nini?

Mvua ijayo, simamisha kioo chako shambani. Ukikosa kioo, tazama mguu wa ukuta wa nyumba yako. Yale madoa ya udongo yameandikwa na matone. Wewe sasa unajua kusoma. Yasome.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini kioo cha pili hakikujaa madoa?
2. Katika kijiji chetu, ni shamba la nani lililofunikwa vizuri? Amelifunika kwa nini?