Haki ya Mjamzito Katika Chakula

Ndugu Waislamu, Surat At-Talaq, aya ya 6, imemwekea hata mke aliyeachwa haki ya kugharimiwa akiwa mjamzito, mpaka ajifungue. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, sembuse aliyemo ndani ya nyumba?

Tuitazame haki hii kwa mfano wa Mponde, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, nchi ya majani ya chai. Chai ni kinywaji halali na kizuri, lakini ina tanini, ambayo hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, yakapita tumboni bila kuufaa mwili. Mjamzito na apishanishe chai na mlo kwa muda wa saa moja au zaidi. Pamoja na chakula ale chungwa, pera au limau, kwani vitamini C husaidia madini hayo kuingia damuni.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya wajawazito nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Upungufu huo ukizidi, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na mama akivuja damu huwa hatarini kufa.

Kuna adui mwingine aliyejificha. Kama kidonda kinavyovimba na kupata moto, mwili nao hujihami kwa ndani unapopambana na maradhi kama malaria. Hapo ini hutoa homoni ya hepsidini, inayozuia madini ya chuma kuingia damuni. Uzito uliopindukia nao huchochea hali hiyo, ilhali wataalamu wameihusisha milo ya mboga, kunde, matunda na samaki na kupungua kwake.

Kwa hiyo chakula, chandarua na kliniki hukamilishana. Mjamzito asiache vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki apewavyo huko.

Nanyi akina baba, milima hiyo hustawisha karoti, kabichi, maharage na maparachichi yanayolisha miji. Tusipeleke sokoni kilicho bora chote, tukamwachia mjamzito ugali na chai ya rangi. Kumlisha mke ni wajibu wetu, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.