Kunukuliwa Mara Elfu, na Malale Bado Yapo

Mhadhiri anayeomba kupandishwa cheo siku hizi huulizwa makala zake zimenukuliwa na watafiti wenzake mara ngapi. Kipimo kinachotajwa zaidi ni h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20, h yake ni 20. Hesabu ni nyepesi, ndiyo maana kamati zinaipenda. Tuipeleke Igalula tuone inatuambia nini.

Igalula ni kituo cha Reli ya Kati wilayani Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, nchi ya miyombo, tumbaku na asali. Mrina asali anayepiga kambi porini hukutana na ndorobo, na ndorobo huweza kubeba vimelea viitwavyo Trypanosoma brucei. Kuna aina inayowatia ng'ombe nagana lakini mtu haimdhuru. Kuna nyingine, rhodesiense, inayomtia mtu malale na kumuua asipotibiwa. Ziweke chini ya hadubini, hutaweza kuzitofautisha.

Jibu la fumbo hilo lilitoka kwa Etienne Pays na wenzake nchini Ubelgiji. Mwaka 2003, katika jarida la Nature, walionyesha kwamba damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1 ambayo ni sumu kwa kimelea. Kimelea huimeza, nayo hutoboa utando wake. Chumvi na maji huingia, kikafura kama harage lililolowekwa, mwishowe kikapasuka. Rhodesiense hunusurika kwa sababu ina jeni ya SRA, ambayo kundi hilohilo lilikuwa limethibitisha nguvu zake mwaka 1998. Protini ya SRA huidaka APOL1 kabla haijafanya kazi yake. Uhai wa mrina asali unategemea mapambano ya protini hizi mbili, na kwangu hii ni miongoni mwa kazi bora kabisa za biokemia zilizowahi kufanywa kuhusu ugonjwa wa Afrika.

Mwaka 2010 mambo yakachukua njia nyingine. Utafiti uliochapishwa katika Science, Pays akiwa miongoni mwa waandishi, ulionyesha kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika waliorithi kutoka kwa baba na mama aina fulani za jeni ya APOL1 wako hatarini zaidi kuugua figo. Katika maabara, aina hizohizo ziliweza kuua hata rhodesiense. Makala hiyo imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, na mazungumzo yakahamia kwenye figo. Kampuni za dawa nazo zikaanza kutafuta namna ya kuizuia APOL1. Si vibaya, mgonjwa wa figo naye ni mgonjwa. Lakini sifa ya protini hiyo ilipanda bila malale kupata nafuu kwa kasi hiyohiyo.

Kunukuliwa hufuata mahitaji ya wanaoandika. Makala inayoongoza duniani ni ya Oliver Lowry, mwanabiokemia wa Marekani, ya mwaka 1951, kuhusu njia ya kupima kiasi cha protini. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000 kwa kuwa maabara nyingi mno ziliihitaji njia hiyo. Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake kubwa.

Na dawa? Kwa miongo mingi malale yaliyofika ubongoni yalitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya fexinidazole kwa malale ya rhodesiense, baada ya majaribio Malawi na Uganda. Dawa hiyo haikuzaliwa na makala za APOL1. Ilikuwa imeachwa rafuni tangu miaka ya 1980, ikafufuliwa na watafiti wa magonjwa yaliyosahaulika.

Kwa hiyo kamati zinazopima wanasayansi wetu ziulize mara ngapi, kisha ziulize na nani, na kwa ajili ya nani. Kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimefanya kazi ya malale kwa miaka mingi, na kazi ya namna hiyo haionekani yote katika h.

Nawe uliyetoka porini ukiwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, mweleze daktari kwamba uliumwa na ndorobo, na umwombe aitazame damu yako kwa hadubini.