Mshauri wa Usajili Anaponyamaza: Biashara ya Karatasi za Wauguzi wa Kaaga

Ushauri wa usajili wa wauguzi ng'ambo ni biashara ya kufuatilia karatasi. Mshauri hulipwa ili ajaze fomu, apange mitihani na kusukuma maombi hadi muuguzi aruhusiwe kufanya kazi nje. Wateja hawakosekani Kaaga, mjini Meru, ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya (KeMU), ambacho hufundisha uuguzi. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) nacho kina kampasi Meru. Ajira serikalini haziwatoshi wahitimu wote, na mkataba wa wahudumu wa afya ambao Kenya na Uingereza zilitia saini Julai 2021 uliongeza hamu ya kuondoka.

Ada rasmi zinajulikana. Kwa viwango vya 2024, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza (NMC) lilitoza pauni 140 za kukagua sifa na pauni 153 za usajili. Mtihani wa kompyuta uligharimu pauni 83 na ule wa vitendo pauni 794. Jumla ni pauni 1,170. Malipo ya mshauri huja juu ya hizo, na hakuna baraza linalomlazimisha muuguzi kumtumia.

Ukimya wa mshauri huanzia kwenye namna ya kulipa. Mteja akishalipa yote mwanzoni, mshauri hubaki na sababu chache za kupokea simu. Tena kazi yenyewe ina vipindi virefu vya kusubiri majibu ya vyuo na mabaraza, hivyo mzembe hujificha kwa urahisi nyuma ya maneno "bado tunangoja".

Hasara kubwa ni muda. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2. Kwa anayeelekea Marekani, kibali cha kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi wa NCLEX kwa kawaida hudumu siku 90. Kikiisha kabla ya mtihani, ada ya dola 200 hulipwa upya.

Mshauri akinyamaza, hatua ya kwanza ni kujua maombi yamefika wapi bila kumtegemea mshauri. NMC humfungulia kila mwombaji akaunti yake, na barua za kuthibitisha usajili wa muuguzi hutoka moja kwa moja kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Kwa hiyo muuguzi anaweza kuuliza mwenyewe katika baraza hilo, chuoni na NMC. Ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe ya mshauri, muuguzi aliandikie baraza husika, athibitishe utambulisho wake na kuomba anwani ibadilishwe. Huenda akagundua kuwa kilichobaki ni kidogo na anaweza kukimaliza mwenyewe.

Hatua ya pili ni barua ya madai. Itaje tarehe na kiasi kilicholipwa, kazi iliyoahidiwa na siku ya mwisho ya kujibu, huku ikidai nakala za stakabadhi zote. Rekodi za M-Pesa na jumbe za WhatsApp zihifadhiwe kama ushahidi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, muuguzi ana haki ya kupata data zake zilizo mikononi mwa mshauri, na akinyimwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Jibu lisipopatikana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 huruhusu madai yasiyozidi Sh1 milioni kusikilizwa na kuamuliwa ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Mshauri aliyeahidi pia kutafuta kazi anafanya kazi ya wakala wa ajira, ambaye lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na malalamiko dhidi yake hupelekwa huko. Stakabadhi ghushi na ulaghai ni kazi ya polisi.

Kinga bora ni mkataba wa maandishi unaogawa malipo kwa hatua: sehemu baada ya maombi kupokelewa, sehemu baada ya sifa kukubaliwa, na salio baada ya usajili. Ada za mabaraza muuguzi azilipe mwenyewe, na akaunti zote ziwe kwa baruapepe na nambari yake ya simu. Kwa utaratibu huo, mshauri akitoweka huondoka na ada ya hatua alizokamilisha tu, na maombi huendelea.