Lori la Kikundi Likivuja Oili ya Usukani

Kikundi chenye lori hulijua tatizo hili kwa doa. Asubuhi lori likiondoka, pale liliposimama upande wa dereva kuna oili mbichi. Dereva husema si kitu, anaongeza nusu lita na safari inaendelea. Mweka hazina ataona gharama ya hiyo nusu lita, lakini pesa ndiyo hasara ndogo. Oili ikipungua sana pampu hulia na kujisaga, na usukani unakuwa mzito ghafla. Magurudumu bado yanageuka, ila kwa nguvu za mikono tu. Sasa fikirieni magunia ya viazi, akina mama wameketi juu, na kona ya mteremko.

Makala haya hayamfanyi mtu kuwa fundi. Yanaisaidia kamati kujua inalipia nini.

Ndani ya sanduku la usukani, ambalo mafundi huliita stiaringi boksi, kuna skrubu nene inayozungushwa na usukani. Juu yake kuna nati kubwa inayotembea kwa gololi. Meno ya nati hiyo hugeuza shafti inayotokea nje, na shafti husukuma mkono unaoelekeza magurudumu. Oili ya pampu huisaidia nati, ndiyo sababu dereva hatoki jasho. Presha yaweza kupita ba 100, zaidi ya mara kumi ya upepo wa tairi la lori. Kinachoizuia oili isitoke nje ni mipira ya duara, yaani sili, nayo huchoka kwa joto, uchafu na miaka.

Kamati isikubali lifunguliwe kabla ya kujua panapovuja. Lioshwe kwa dizeli, likaushwe, injini iwashwe. Mmoja azungushe usukani, mwingine amulike kwa tochi. Asipapase kwa mkono! Oili yenye presha hutoboa ngozi, na hilo ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingine ni hozi ya juu imelegea na oili inateremka tu. Hiyo ni kazi ya spana.

Ikiwa inatoka kwenye shafti ile kubwa ya chini, sanduku litafunguliwa. Kwanza fundi apige alama kwenye mkono na shafti, ili virudi vilivyokuwa. Mkono utolewe kwa pula. Anayegonga kwa nyundo anaumiza beringi na gololi za ndani. Namba iliyoandikwa kwenye sanduku ndiyo ya kwenda nayo dukani kutafuta seti ya sili, iwe ni mjini kwenu au Kirinyaga Road, Nairobi. Msinunue kwa kukisia.

Hapa ndipo pesa za vikundi hupotea: fundi anabadilisha sili peke yake, na baada ya muda mfupi inavuja tena. Mwambieni awaonyeshe shafti. Mpitishe ukucha pale sili inapokaa. Ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya haitadumu. Mtikise shafti kwenye beringi yake. Ikicheza, beringi ibadilishwe pia. Kama na meno yameisha, ulizeni bei ya sanduku zima kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Wakati wa kurudisha, meno ya nje ya shafti yafungwe seloteipu yasikate sili mpya. Skrubu ya kurekebisha isikazwe kupita kiasi. Usukani utakataa kurudi wenyewe baada ya kona.

Oili iwe ile inayotajwa na kitabu cha gari. Oili ya breki, ambayo wengine huimimina kwa shida, huharibu sili zote. Kisha magurudumu ya mbele yainuliwe na kuegeshwa imara, usukani uzungushwe polepole huku na huku injini ikiwa imezimwa, oili ikiongezwa, mpaka mapovu yaishe. Ndipo injini iwashwe.

Lori likitoka safari ya kwanza, tandikeni katoni chini yake usiku. Ikiamka kavu, mlipeni fundi salio lake.